Sketi Yenye Kesi

Januari ya utotoni mwangu ilinuka kitambaa kipya kilichokwisha kuonja moshi. Kwetu, katika kitongoji cha juu upande wa Vudee, nguo mpya haikukaa kabatini, kwa sababu kabati lenyewe halikuwepo. Ilifungwa ndani ya kanga kuukuu na kupandishwa darini, juu ya jiko la mafiga, palipokuwa na mahindi ya mbegu, maharage ya kula na kila kitu ambacho Mama hakutaka kifikiwe na panya, unyevu au mikono yetu. Ukungu wa milimani hauna adabu, unaingia ndani bila hodi na kulala kwenye mashuka. Darini tu ndiko kulikokuwa kukavu. Kwa hiyo siku ya kufungua shule watoto wote wa kitongoji tulinuka kuni, na mwalimu wetu mmoja aliyetoka mbali alikuwa akiingia darasani asubuhi ya kwanza na kupiga chafya mbili tatu kabla ya kutuuliza habari za likizo. Mimi nilidhani walimu wa kwao ndivyo wanavyosalimia.

Wiki ya kufungua shule nyumba yetu ilikuwa na pilika kuliko Krismasi yenyewe. Ndugu waliokuja kula sikukuu kutoka Dar es Salaam na Arusha walikuwa wameshaondoka na ndizi zetu, tangawizi zetu na kuku wetu wawili, wakatuachia makopo matupu ya soda na maneno mapya ya mjini. Mama alijalidi madaftari kwa karatasi za mifuko ya saruji, akigundisha kwa uji mzito wa sembe, na ole wako uachie daftari chini, kuku waligeuza jalada kifungua kinywa. Baba alichonga mipini ya majembe, maana shule ilitaka kila mtoto aje na jembe, fagio na ndoo, kama vile tulikuwa tunakwenda kulima na si kusoma, na kusema kweli nusu ya siku tulilima. Jumamosi Baba alitukalisha kwenye kigoda mmoja mmoja akatunyoa kwa mkasi uleule aliokatia mikia ya kondoo. Kichwa changu kilitoka na ngazi. Nililia, Mama akasema zitajificha nywele zikiota, Baba akasema ni mtindo. Sufuria la kande lilikuwa jikoni tangu asubuhi, mahindi na maharage yakitokota taratibu, na kila aliyepita alichota kijiko, akaonja, akasema bado chumvi.

Mwaka ninaousema mimi nilikuwa naingia darasa la nne, na dada yangu Nakijwa alikuwa anaingia kidato cha kwanza katika shule ya kata, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwetu, mteremko mtupu wakati wa kwenda na adhabu tupu wakati wa kurudi. Nyumbani kwetu hakuna mtu aliyekuwa amewahi kufika kidato cha kwanza. Lakini furaha hiyo ilikuwa na mwiba ndani yake. Baba mkubwa, kaka yake Baba, alikuwa na duka huko Kisiwani, kijiji cha tambarare, na wakati wa Krismasi alisema mbele ya watu wote kwamba anamtaka Nakijwa akamsaidie kuuza na kumlelea wajukuu. Baba hakuwa na ubavu wa kumkatalia kaka yake, kwani ndiye aliyemlea. Mama ndiye aliyekataa. Walibishana siku mbili kwa sauti ya chini, ile sauti ya wazazi ambayo watoto huisikia vizuri kuliko makelele. Mwisho wakakubaliana hivi: Jumatatu Nakijwa akaripoti shuleni. Akipokelewa, atasoma. Akirudishwa kwa sababu yoyote ile, Jumanne Baba mkubwa atapanda kuja kumchukua. Na shule ilikuwa imetangaza kanisani, wote tulisikia, kwamba uandikishaji ni kuanzia saa mbili mpaka saa nne asubuhi, mwanafunzi aje na mzazi au mlezi, na asiye na sare kamili asijisumbue kuja.

Sare yenyewe ilikuwa shati jeupe, ambalo Nakijwa alikuwa nalo tangu darasa la saba, na sketi ya marinda ya rangi ya damu ya mzee. Hiyo sketi jamani! Mama aliuza debe zima la maharage kupata kitambaa, na fundi aliishona kwa siku nne, siku tatu kati ya hizo akituambia njooni kesho. Nakijwa aliijaribu mara moja tu, akazunguka jikoni marinda yakafunguka yote, halafu akaivua upesi kabla moshi haujaizoea. Jumapili jioni Mama aliipiga pasi ya mkaa, akaikunja kufuata marinda, akaifunga kwenye kanga iliyochujuka akaipandisha darini. Nakijwa alipanda ngazi mara mbili kuhakikisha iko. Nilimcheka. Ningejua nisingecheka.

Sasa niwaeleze kuhusu maji. Mashamba yetu yalinyweshwa na ndiva, bwawa la kienyeji lililochimbwa na babu za babu zetu, ambalo hujaa maji usiku kucha na kufunguliwa alfajiri ili yateremke kwa mfereji hadi mashambani. Kila ukoo ulikuwa na siku yake. Siku yetu ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu hiyo tulichangia na jirani yetu wa chini, Mzee Zefania. Sisi tulikuwa wa kwanza: Baba aliziba mfereji mkuu kwa mawe, magome ya migomba na furushi la matambara, maji yakageukia kwetu, na zamu yetu ikiisha aliuzibua yakateremka kwa Mzee Zefania. Wazee waliweka mpaka wa zamu kwa jiwe kubwa jeupe lililoko ng'ambo ya bonde. Jua likiligusa jiwe, zamu ya wa juu imekwisha. Mambo yalikwenda vizuri hivyo miaka na miaka, mpaka Mzee Zefania alipokwenda Same akarudi na saa ya mkono.

Tangu siku hiyo hapakuwa na amani. Mzee Zefania alisema jua la Januari linachelewa kufika kwenye jiwe, na kwa kuchelewa huko Baba anamwibia dakika kumi na tano. Baba alisema jiwe lilikuwepo kabla ya saa na litakuwepo baada ya saa. Watani wetu Wachaga husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Sisi hukasirika sana tukisikia hivyo, na kama tungempata aliyeanza kusema tungemshitaki. Mzee Zefania alikuwa na daftari la kesi zake, amelifunga kwa uzi, na Baba, ambaye nampenda sana na bado yuko hai, asinune akisoma hapa, alikuwa akienda kwenye kikao cha kamati ya maji kila mwezi akiwa amevaa koti la harusi. Lakini kesi ya dakika kumi na tano haikuwahi kwenda popote, kwa sababu Mzee Zefania hakuwa na ushahidi wa kushika mkononi.

Jumatatu Baba alitoka saa kumi na moja alfajiri. Maharage yetu yalikuwa yanajaza maganda, na kiangazi kilikuwa kimeanza kuchungulia, maji ya siku hiyo hayakuwa ya kukosa. Kazi yangu ilikuwa ileile ya kila Jumatatu ya likizo: kumpelekea furushi la matambara, ambalo nalo lilifungwa kwa kanga kuukuu na kukaa darini ili likauke. Nilipanda ngazi macho yakiwa yamefumba nusu. Jiko lilikuwa giza, makaa yamefunikwa majivu. Nikapapasa, mkono ukagusa furushi la kanga kuukuu, nikalikumbatia nikateremka, nikakimbia shambani na umande miguuni, nikampa Baba. Baba alikuwa amesimama ndani ya maji hadi magotini. Hakulifungua, alilishindilia kati ya mawe, akalikanyagia kwa kisigino mara tatu, maji yakageuka. Akaniambia safi sana, rudi ukajiandae na shule. Nilirudi nikiruka ruka, nimesifiwa asubuhi asubuhi.

Nilikuwa nakunywa uji niliposikia sauti ya Nakijwa kutoka darini. Hakulia, alisema tu, "Mama, njoo." Mama akapanda. Halafu likadondoka furushi miguuni pangu, likafunguka, na ndani yake kulikuwa na suruali ya Baba iliyooza magoti, gunia na kipande cha shuka. Niliyatambua matambara yale moja moja. Mama alishuka ngazi kinyumenyume, akageuka akaniangalia. Nilitamani ardhi ya jikoni ifunguke inimeze na kikombe changu cha uji mkononi.

Tulikimbia sote watatu, Mama kwa kanga ya shambani, Nakijwa kwa shati jeupe la shule na kitenge kiunoni, mimi nyuma nikilia kwa sauti ili nionekane nimeshajiadhibu. Tulipofika, jua lilikuwa limegusa jiwe. Baba alikuwa ameshazibua. Kanga ilikuwa pale pembeni, tupu, imepasuka katikati, na sketi ilikuwa imekwenda na maji. Mama alimweleza kwa maneno manne. Baba alitazama mfereji, akanitazama mimi, akavua kofia. Tukaanza kuteremka kando ya mfereji, tukiangalia kila kona, kila mzizi, kila mahali maji yanapojikusanya. Mama alikuwa akisema Yesu wangu, Yesu wangu, kila hatua mbili.

Tuliikuta kwa Mzee Zefania. Yaani tulimkuta Mzee Zefania mwenyewe, amesimama kwenye mdomo wa mfereji wake, ameinua jembe juu, na kwenye ncha ya mpini ilining'inia sketi ya dada yangu ikichuruzika tope. Ilikuwa imekwenda kunasa palepale maji yanapoingia shambani kwake, ikaziba, na maji yake yote yakawa yanamwagikia korongoni bila faida. Na uso wake! Sijawahi kumwona mtu mwenye hasira na furaha kwa wakati mmoja kiasi kile.

"Leo nimekupata," alimwambia Baba. "Siku zote unasema jiwe, jiwe. Leo umeniziba kwa kitambaa. Hiki ni kidhibiti, na hakitoki mkononi mwangu mpaka kikao cha maji Jumamosi."

Mama akaanza kumweleza habari ya dari, mafurushi na mtoto huyu mjinga. Lakini Baba alikuwa ameshapandwa na mori. Akamwambia Mzee Zefania akae nayo hiyo sketi, aivae akitaka, yeye haombi kitu kwa mtu anayemwita mwizi. Mama akasema, "Baba Nakijwa! Hiyo ni sketi ya shule!" Baba akasema anajua ni sketi ya nini. Mzee Zefania akasema hata ingekuwa kanzu ya mchungaji, kidhibiti ni kidhibiti. Wakaendelea hivyo, wanaume wawili wazima ndani ya matope, na maji yote yakipotelea korongoni, na hakuna aliyeyaangalia. Mimi nilikuwa nimemshika Mama kanga. Niliwaza duka la Kisiwani, joto lake, na kitanda chetu ambacho ningekilalia peke yangu, kwa sababu yangu mwenyewe. Nilikuwa na miaka tisa na nilijua kabisa nilichokifanya.

Nakijwa ndiye aliyesogea mbele. Alikunja goti kidogo, akasema, "Shikamoo, babu."

Mtu wa kwetu anaweza kukunyima maji, mpaka wa shamba na hata salamu ya Krismasi, lakini mtoto akisema shikamoo huwezi kuiacha hewani. Mzee Zefania aliteremsha jembe. "Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, mimi sibishi. Kidhibiti ni chako," Nakijwa alisema. "Ila leo naripoti shule, na uandikishaji unafungwa saa nne. Naomba nikivae. Twende wote, ukiangalie kwa macho yako njia nzima, kisikupotee."

Mzee Zefania alikuwa mtu wa sheria, na hapo alipewa haki yake yote bila kupunguziwa hata chembe, hakujua pa kushika. Alitazama saa yake. Saa moja na dakika ishirini. Akasema, "Basi mbona tumesimama?"

Nilitumwa nyumbani mbio kuchukua barua ya kuchaguliwa, begi, jembe, fagio na ndoo. Niliporudi niliwakuta nyumbani kwa Mzee Zefania, sketi iko mikononi mwa mke wake, Bibi Rebeka, mwanamke mnene mwenye kicheko kisichozuilika, ambaye alikuwa ameshaisuuza maji matatu na sasa anaikandamiza kwa pasi ya mkaa, mvuke ukimpanda usoni. Mzee Zefania alikuwa amesimama nyuma yake akimsimamia. Alitaka tope libaki. Bila tope, alisema, kikao kitajuaje kwamba kitambaa kilikuwa kwenye mfereji? Bibi Rebeka alimwambia kama anataka tope ana shamba zima. Wakasuluhishana: doa moja la ukubwa wa shilingi liliachwa kwenye pindo, kwa ndani, na Mzee Zefania aliliandika kwenye daftari lake, mahali lilipo na rangi yake. Marinda hayakurudi yote. Upande mmoja yalisimama, upande mwingine yalilala. Nakijwa aliivaa ikiwa na unyevu bado, akasema inamtosha, na midomo ilikuwa inamtetemeka kwa baridi.

Baba alikuwa amebaki mferejini na mori wake, na Mama hakuwa mtu wa kwenda sekondari na kanga ya shambani. Alisema tutangulie, yeye apande nyumbani mara moja kubadilisha, atatukuta njiani. Lakini Mzee Zefania alitembea kwa saa, si kwa miguu. Kila kona aliinua mkono akasoma dakika, akatangaza tumebakiza ngapi, akaongeza mwendo. Sisi tulikuwa tunakimbia nyuma yake, Nakijwa na begi, mimi na ndoo kichwani yenye fagio na jembe ndani, nikigonga kila tawi. Shule yangu mwenyewe ilikuwa inafunguliwa siku hiyohiyo, upande wa pili kabisa, lakini hakuna aliyekumbuka, na mimi sikuwakumbusha. Njiani Mzee aligeuka nyuma mara kwa mara kuangalia kidhibiti. Mara ya tatu au ya nne alimwuliza Nakijwa kama sketi imekauka. Baadaye akavua koti lake akampa, akisema ni kwa ajili ya umande tu.

Tulifika saa tatu na dakika arobaini. Foleni ilikuwa ndefu, watoto kutoka vijiji vyote vya mlimani, kila mmoja na mzazi aliyevaa nguo za kanisani, na mbele kulikuwa na mwalimu mwanamke ameketi kwenye meza chini ya mikaratusi. Nilikuwa naangalia njia tuliyotoka. Mama hakuonekana. Foleni ikasogea, njia ikawa tupu, foleni ikasogea tena. Mzee Zefania aliitazama saa yake, akaitazama njia, akaitazama saa. Ikafika zamu yetu.

Mwalimu alipokea barua, akasoma jina, akamkagua Nakijwa kutoka juu hadi chini. "Hii sketi imefanyaje?"

"Hiyo niachie mimi, mwalimu," alisema Mzee Zefania. "Sketi hiyo ina kesi."

Mwalimu aliinua macho. Sijui kama aliona kichekesho au aliheshimu uzee, lakini swali lile aliliacha. Akauliza, "Wewe ni mzazi wake?"

Mzee Zefania aligeuka akaitazama njia tena. Kama angesema ukweli, kwamba yeye ni jirani mwenye ugomvi na baba wa mtoto huyu, tungeambiwa tukae pembeni tusubiri mzazi, na saa nne ilikuwa inagonga mlango. Angekuwa amefanya lililo sawa kabisa. Kesi yake ingekuwa na nguvu, na kidhibiti chake kingerudi nyumbani. Nakijwa hakumwangalia, aliangalia chini, kwenye viatu vyake vilivyolowa. Mimi ndiye niliyemkodolea macho.

"Mimi ni mtu wa kwao," alisema.

"Hapa kuna mzazi au mlezi, mzee. Niandike lipi?"

Alivua kofia. Akatoa kalamu yake mwenyewe mfukoni, ile ya kuandikia kesi. "Andika mlezi," alisema. "Nionyeshe pa kutia sahihi, foleni ni ndefu." Akainama, akatia sahihi taratibu, herufi baada ya herufi, na pembeni, bila kuulizwa, akaandika saa na dakika.

Mama alifika saa nne na robo, gauni la kanisani likiwa limelowa jasho na viatu vimo mkononi. Alimkuta dada yangu ameshasimama mstarini na wenzake, na Mzee Zefania ameketi juu ya ndoo yetu iliyopinduliwa akinywa maji. Mama akapiga magoti pale pale kwenye vumbi kumshukuru, na Mzee akamwambia ainuke, asimharibie kesi. Jumanne Baba mkubwa alipanda kutoka Kisiwani kama ilivyopangwa, akaambiwa Nakijwa yuko darasani. Alikula kande, akanung'unika, akateremka na mkungu wa ndizi. Nilicheka mpaka Mama akanifinya. Mimi mwenyewe nilipata viboko viwili kwa kukosa siku ya kwanza, na nilivipokea kwa moyo mkunjufu, nilikuwa najua ninadaiwa zaidi.

Jumamosi kikao cha maji kilikaa. Baba alivaa koti la harusi, amejipanga kwa hoja. Mwenyekiti akamwita Mzee Zefania alete ushahidi wake. Mzee akasimama, akafungua daftari, akasema kidhibiti kipo, kimeandikwa, kina doa, lakini kwa sasa kiko shuleni, na yeye kama mlezi hawezi kumvua mwanafunzi sare. Anaomba kesi iahirishwe. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akapiga meza. Na kweli ikaahirishwa, mwaka huo na uliofuata na mingine miwili. Kila Januari mwenyekiti aliuliza, na kila Januari Mzee Zefania alijibu kwamba kidhibiti bado kinasoma. Kwa kuwa jina lake lilikuwa kwenye kitabu cha shule, aliitwa kwenye kila mkutano wa wazazi, na alikwenda kila mkutano. Baba naye alikwenda. Walikaa benchi moja bila kusemeshana, na matokeo yakisomwa wote wawili walinyoosha shingo. Mwaka Nakijwa alipomaliza kidato cha nne Mzee aliinuka kikaoni akasema kidhibiti kimechakaa, anafuta kesi ya kitambaa, ila dakika zake kumi na tano bado anazidai. Alizidai mpaka alipofariki. Siku ya maziko Baba alilia kuliko nilivyotegemea, na alipoulizwa na wageni yeye ni nani wa marehemu, alisema tulikuwa tunashirikiana maji.

Nakijwa sasa ana duka la mbegu na dawa za mifugo, na ukimkumbusha habari ya sketi anacheka na kunirushia chochote kilicho karibu. Mimi ninaishi Same mjini. Januari hii binti yangu ameanza darasa la kwanza, na shughuli zote nilizimaliza kwa asubuhi moja: sare imenunuliwa tayari dukani, ada imelipwa kwa simu, basi la shule linamchukua mlangoni. Nilijiona mama hodari sana. Kisha nikaketi kujaza fomu. Jina la mtoto, la baba, la mama, chanjo, dhehebu. Sehemu ya mwisho ikauliza jina la mtu mwingine anayeishi jirani na nyumba, atakayempokea mtoto basi likifika na mzazi hayupo.

Nina miaka sita katika mtaa huu. Nilikaa na kalamu mkononi nikawaza majirani zangu. Yule wa geti la bluu. Yule mwenye gari bovu. Yule mama wa upande wa kushoto ambaye jogoo wake huniamsha saa tisa usiku, na ambaye mwaka jana nilimlalamikia kwa balozi wa nyumba kumi badala ya kumfuata mwenyewe. Nyumba yake ndiyo iliyo karibu kuliko zote, ukuta wetu ni mmoja. Jina lake silijui. Niliona haya, nasema kweli, haya ya kuniwasha masikio, nikiwa peke yangu sebuleni kwangu.

Nilivaa kandambili nikatoka na fomu yangu, nikabisha hodi. Alifungua akiwa na unga mikononi, na aliponiona uso ukamjaa wasiwasi.

"Kama ni habari ya jogoo, dada yangu," alisema, "wiki ijayo nachinja."

Nilimwambia asimchinje. Nikamwomba aniambie anaitwa nani.